Bata Mzinga wa Moshi: Kinachomwivisha ni Joto, Siyo Moshi

Krismasi ikikaribia, kwenye mageto ya wanachuo Kunduchi, Mtongani na Tegeta michango inaanza. Wale ambao hawasafiri kwenda mikoani wanachanga, wananunua mchele, soda na kuku watatu wanne, wanakula pamoja. Sasa yapo mageto yanayosema kuku tumemzoea. Safari hii tumpate bata mzinga, mzima, achomwe kwa moshi kwenye jiko la mkaa, kama tunavyoona kwenye simu.

Wazo ni zuri na hesabu yake inakubali. Bata mzinga wa kilo 5 aliyekwisha kusafishwa anatoa kama kilo 2 na kidogo za nyama iliyoiva, yaani watu 15 wanapata kipande cha heshima pamoja na pilau. Shida iko kwingine. Huyu ndege ana nyama nene kuliko kuku yeyote uliyewahi kumchoma, na nyama nene inaficha mambo: nje imekuwa ya dhahabu, inanukia mpaka kwa jirani, huku karibu na mfupa wa paja bado ni mbichi. Watu 15 wakila nyama hiyo, geto zima linashinda chooni, na UE iko mlangoni.

Kwa hiyo somo hili lina jambo moja la kukumbuka, mengine yote yanalifuata: moshi unatoa harufu, rangi na ladha, usalama unatokana na joto lililofika ndani ya nyama. Ukilishika hilo, jiko lako linaweza kuwa nusu pipa lililokatwa na fundi wa mtaani na bado ukatoa nyama ambayo washkaji wataizungumzia mpaka semista ya pili.

MOSHI WA PWANI NA MOSHI WA GETO

Kunduchi ni mahali pazuri pa kuanzia somo hili, maana hapa chakula, chumvi na moto ni mambo ya kila siku. Ukishuka pwani asubuhi boti na ngalawa zikirudi, utakuta samaki wanapigiwa mnada, na akina mama wanakaanga kwenye makarai makubwa juu ya kuni. Kukaanga ni njia mojawapo ya kumfanya samaki afike kwa mlaji kabla hajaharibika. Pwani ina njia nyingine za zamani zaidi: kumpasua samaki, kumtia chumvi na kumwanika juani mpaka awe ng'onda, au kumbanika juu ya chanja kwa moto mdogo na moshi kwa muda mrefu.

Kinachomhifadhi samaki huyo hasa ni ukavu. Bakteria wanahitaji maji ili wazaliane. Chumvi inayavuta maji, jua na moto vinayafukuza, na moshi unaongeza kemikali chache zinazozuia vijidudu na kuchelewesha mafuta ya samaki kuchacha. Ndiyo maana samaki mkavu anasafiri mbali bila friji.

Bata mzinga wa geto anakaa jikoni saa 4 au 5 tu. Anapungua uzito kidogo, lakini anabaki na majimaji yake, na ndivyo tunavyomtaka. Maana yake hajahifadhiwa hata kidogo. Baada ya kutoka jikoni anaharibika kama nyama yoyote iliyopikwa. Mtu akikwambia "hii ni ya moshi bwana, haiozi", anachukua sheria ya ng'onda na kumpachikia ndege mwenye maji. Hatari inaingilia hapo.

NDEGE MWENYEWE

Jina lisikuchanganye. Bata mzinga hana undugu wa karibu na bata. Yuko karibu na kuku na kwale. Asili yake ni bara la Amerika. Wenyeji wa Meksiko walimfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania wakampeleka Ulaya katika karne ya 16. Huko kila watu wakambandika asili isiyo yake: Waingereza wakamwita kwa jina la Uturuki, Waturuki na Wafaransa wakamwita kwa jina la India, Wareno wakamwita Peru. Kiswahili kimemwita bata, na hatuko peke yetu katika kukosea.

Kwa jiko la mkaa tafuta ndege wa kilo 4 hadi 6 baada ya kusafishwa. Akizidi hapo, katikati yake inakaa muda mrefu mno katika joto la vuguvugu, kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, ambamo bakteria wanazaliana upesi. Kanuni nzuri ni kwamba nyama ya ndani iwe imeshavuka nyuzi 60 ndani ya saa 4 tangu ndege apande jikoni.

Ukimnunua kwa mfugaji akiwa hai, achinjwe na Muislamu kama ilivyo desturi yetu mtaani, ili kila mtu kwenye geto ale bila wasiwasi. Achinjwe siku mbili kabla ya sherehe, asafishwe, kisha akae kwenye friji. Ndege aliyechinjwa muda huohuo nyama yake huwa ngumu. Akilala usiku mmoja kwenye baridi inalegea.

Ukimnunua aliyegandishwa, myeyushie ndani ya friji: siku moja kwa kila kilo 2 hadi 2.5. Ukiwa na haraka, mtumbukize kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiovuja, uhesabu dakika 30 kwa kila nusu kilo na kubadilisha maji kila baada ya dakika 30. Kilo 5 zitachukua kama saa 5. Kumwacha juu ya meza usiku kucha kwa joto hili la Dar es Salaam ni kumkaribisha salmonela nyumbani. Angalia pia tumboni: mara nyingi shingo, ini na firigisi zimewekwa humo ndani ya kimfuko cha plastiki. Vitoe, vitafaa kwa supu.

CHUMVI: KAZI INAYOFANYIKA UKIWA UMELALA

Kidari cha bata mzinga hakina mafuta mengi, kwa hiyo kinakauka upesi. Dawa yake ni chumvi, na iwekwe mapema. Chumvi ikiingia ndani inalegeza sehemu ya protini za nyama, na nyama ikipata joto haijikamui maji yake yote. Ukipaka chumvi dakika 10 kabla ya kuchoma, utapata ngozi yenye chumvi juu ya nyama chapwa.

Kipimo ni gramu 12 hadi 15 za chumvi kwa kila kilo ya ndege. Kwa kilo 5 ni gramu 60 hadi 75, yaani kama vijiko vinne vya chakula vilivyosawazishwa. Fanya hivi:

1. Mkaushe ndege kwa taulo za karatasi, nje na ndani ya tumbo.

2. Changanya chumvi na pilipili manga ya kusaga, na ukipenda binzari nyembamba kidogo. Paka nyingi zaidi kwenye kidari na mapaja, na kiasi tumboni. Ingiza vidole polepole kati ya ngozi na nyama ya kidari, upake na humo.

3. Mweke kwenye sinia, chini kabisa ya friji ili majimaji yake yasidondokee vyakula vingine. Usimfunike. Akae usiku mmoja hadi mbili. Ngozi itakauka, na ngozi kavu inashika rangi vizuri jikoni.

Kama aliyegandishwa ameandikwa kwenye karatasi yake kwamba ameshatiwa maji ya chumvi kiwandani, ruka chumvi, paka viungo tu.

Geto lisilo na friji lifanyeje? Tumieni boksi la barafu kama la wavuvi. Barafu chini, ndege ndani ya mfuko usiovuja, barafu juu, na mtu mmoja apewe jukumu la kuongeza barafu kabla haijaisha. Kama hilo haliwezekani, mnunueni asubuhi ya sherehe, mpakeni chumvi hapohapo na mumchome. Nyama itakuwa chapwa kidogo, lakini mtakuwa salama.

Limau, kitunguu saumu na tangawizi vinafaa, ila viwekwe vichache tumboni kwa harufu tu. Usimjaze ndege wali au mkate tumboni. Ujazo huo unachelewesha joto, na majimaji mabichi yanadondokea ndani yake.

JIKO: MOTO KANDO, NDEGE KANDO

Nyama choma ya mtaani inakaa juu ya makaa moja kwa moja kwa sababu vipande ni vidogo. Bata mzinga mzima ukimweka juu ya makaa, ngozi itaungua katika nusu saa na ndani atakuwa bado wa baridi. Yeye anaivishwa na hewa ya moto inayomzunguka, kama kwenye oveni. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: nafasi ya kutenga moto na nyama, na mfuniko unaobana.

Jiko la nusu pipa lenye mfuniko wa nusu ya pili linatosha kabisa. Kabla ya kulinunua, uliza pipa lilibeba nini. La mafuta ya kula linafaa. Lililobeba kemikali au dawa, achana nalo. Epuka pia kufunika kwa bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Waya wa kuchomea nao usiwe uliopakwa zinki.

Mpangilio ni huu. Makaa yakae upande mmoja wa pipa. Upande wa pili, chini ya waya, weka sufuria bapa yenye maji lita moja hivi, na ndege akae juu yake. Sufuria inafanya kazi mbili. Maji yanatuliza joto lisipande na kushuka ovyo. Pia mafuta ya ndege yanadondokea kwenye maji badala ya makaa. Yakidondokea makaa yanarudi juu kama moshi mzito wenye kemikali za jamii ya benzopirini, ambazo zinahusishwa na saratani.

Tundu la hewa la chini liwe upande wa makaa, la juu liwe upande wa ndege. Hewa inaingia chini, inapita kwenye moto, inamzunguka ndege, inatokea juu. Ukitaka joto lipande, fungua tundu la chini zaidi. Ukitaka lishuke, lizibe kidogo. La juu liache wazi muda wote. Ukilifunga, moshi unalala ndani na kuacha ladha chungu kama ya masizi.

Lenga joto la nyuzi 140 hadi 160 ndani ya jiko. Wapishi wengine wanakwenda chini zaidi, nyuzi 110 au 120, lakini kwa ndege mzima hiyo inarefusha muda, na ngozi inatoka laini kama mpira. Kupima, toboa mfuniko karibu na alipo ndege, pitisha kipimajoto. Au pitisha ncha ya kipimajoto kwenye nusu ya kiazi mbichi, kiazi ukikalishe juu ya waya, ncha ikae hewani.

Kama mna jiko dogo la kupikia tu, msilazimishe ndege mzima. Mkateni vipande, mpike kwa njia nyingine. Na kama pipa mnalo lakini muda hamna, mpasueni mgongoni mumlaze bapa. Unene unapungua na muda unapungua sana.

KUNI ZA MOSHI

Mkaa ukishika vizuri unatoa joto na moshi kidogo. Ladha inatokana na vipande vya mti vinavyowekwa juu ya makaa. Mti ukiungua kwa hewa chache, lignini, ile sehemu inayoufanya uwe mgumu, inavunjika na kutoa kemikali kama guayakoli na siringoli. Hizo ndizo pua yako inaziita "harufu ya moshi".

Miti ya matunda inafaa, nayo tunayo uani: mwembe, mpera, mchungwa. Chukua matawi yaliyokatwa siku nyingi na kukauka, vipande vinne au vitano vya ukubwa wa ngumi. Hakuna haja ya kuviloweka. Mti uliolowa unatoa mvuke kwanza, kisha moshi mweupe mzito. Moshi mzuri ni mwembamba, wa rangi ya samawati, unaouona kwa shida. Ukiona moshi mweupe unatoka kwa fujo kama wa takataka, moto wako hauna hewa. Fungua tundu la chini.

Vifuu vya nazi vinawaka kwa joto kali, vinafaa kuwashia. Makumbi yanatoa moshi mwingi mzito, weka kidogo sana au acha. Mwarobaini unaacha uchungu. Mti wowote wenye utomvu mweupe kama mnyaa usiuguse. Mbao za ujenzi, za vitanda vya zamani na za makreti yenye rangi zina dawa au gundi. Na mikoko iacheni ilipo: ni misitu ya hifadhi, kuikata bila kibali ni kosa, na ndiko samaki wengi wanakokulia wakiwa wadogo.

Moshi unahitajika saa moja na nusu ya kwanza tu. Nyama ya ndege inaupokea upesi, ukiuzidisha unaizidi ladha ya nyama. Baada ya hapo ni joto tu.

RATIBA YA SIKU

Tuseme mna ndege wa kilo 5 na mnataka kula saa 7 mchana.

Saa 12:00 asubuhi. Washeni mkaa kilo moja na nusu kwa karatasi, vifuu au vijiti. Msitumie petroli wala mafuta ya taa: petroli inalipuka, na mafuta ya taa yanabaki kwenye nyama. Mtoeni ndege kwenye friji, mkausheni tena, mpakeni mafuta kidogo. Fungeni miguu yake pamoja kwa uzi wa pamba na kuziweka ncha za mabawa chini ya mgongo zisiungue.

Saa 12:45. Mkaa umekuwa makaa, una utando wa majivu juu. Sukumeni upande mmoja, wekeni sufuria ya maji, wekeni waya, funikeni. Subirini joto litulie.

Saa 1:15. Jiko liko nyuzi 150. Wekeni vipande viwili vya mti juu ya makaa. Ndege akae kidari juu, miguu ikielekea upande wa moto, maana mapaja yanahitaji joto zaidi kuliko kidari. Funikeni.

Kila dakika 45. Ongezeni mkaa kidogo, viganja viwili vitatu, ambao tayari umeshika moto kwenye jiko dogo pembeni. Mkaa mbichi ukiumwaga ndani unashusha joto na kutoa moshi mchafu. Angalieni na maji ya sufuria. Fanyeni haraka, kwa sababu kila mkifunua joto linakimbia. Yule mwenzenu anayetaka kufunua kila dakika tano kupiga picha, mpeni kazi ya kukata kachumbari.

Saa 3:15. Mgeuzeni ndege ubavu uliokuwa mbali uelekee moto. Kidari kikiwa kimeiva rangi sana, kifunikeni kwa karatasi ya foili.

Saa 4:15. Anzeni kupima joto la nyama.

Kati ya saa 5:00 na saa 6:00. Kwa kawaida atakuwa ameiva. Upepo wa baharini, unene wa pipa na aina ya mkaa vinaweza kusogeza muda huu mbele au nyuma. Saa ya ukutani inakusaidia kupanga. Haina mamlaka ya kukwambia ameiva.

AMEIVA AU BADO?

Hapa ndipo moshi unapodanganya watu. Mtaani tunapima kuku kwa macho: ngozi imekuwa kahawia, maji yanayotoka ni meupe, nyama si nyekundu. Kwa ndege wa moshi vipimo hivyo vinakuangusha pande zote mbili. Ngozi inapata rangi ya dhahabu kutokana na moshi mapema, saa moja au mbili kabla ndani hajaiva. Halafu gesi za moshi, nitriki oksaidi na kaboni monoksaidi, zinashikana na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu wake, na kuiacha nyama ya karibu na ngozi ikiwa ya waridi hata ikiiva kabisa. Kwa hiyo utakuta nyama mbichi inayoonekana imeiva na nyama iliyoiva inayoonekana mbichi, kwenye ndege mmoja.

Kipimajoto cha nyama kinamaliza ubishi. Chomeka ncha sehemu nene ya kidari, kisha sehemu ya ndani ya paja karibu na kiungo, bila kugusa mfupa. Pima pande zote mbili. Namba ya kufuata ni ile ndogo kuliko zote, siyo wastani. Ikifika nyuzi 74, salmonela na kampilobakta wanakufa papo hapo. Paja liache lifike nyuzi 80 hivi ndipo linalainika, kwa sababu lina kolajeni nyingi inayohitaji joto zaidi ili iyeyuke.

Kabla ya sherehe kijaribuni kipimajoto chenyewe. Kwenye maji yaliyojaa barafu kisome 0. Kwenye maji yanayochemka hapa Kunduchi, usawa wa bahari, kisome 100. Mwenzenu akikijaribu nyumbani kwao Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kitasoma kama 94 na kitakuwa bado kizima. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi milimani.

Wengine watasema kipimajoto ni anasa. Watu 15 wakikichangia, mzigo wa kila mtu unakuwa mdogo, na mtakitumia miaka yote ya chuo. Msipokipata, msichome ndege mzima. Mkateni vipande, mumalizie kwa kumchemsha kwenye mchuzi mpaka nyama iachane na mfupa.

BAADA YA KUTOKA JIKONI

Mwacheni apumzike dakika 30 kabla ya kukata. Joto la ndani linaendelea kupanda kidogo, kisha majimaji yanatulia ndani ya nyama badala ya kumwagika kwenye sinia. Kateni kwa kisu na ubao ambavyo havikugusa nyama mbichi, au vilivyooshwa kwa sabuni na maji ya moto. Sinia lililobeba ndege mbichi asubuhi lisirudi mezani mchana. Toeni mapaja kwanza, kisha kidari chote kila upande, mkikate kukatisha nyuzi za nyama.

Mabaki yaingie kwenye friji ndani ya saa 2, na siku ya joto kali ndani ya saa 1. Yakatwe vipande vidogo yapoe upesi. Yataliwa ndani ya siku 3 au 4, na kila mara yapashwe mpaka yafuke moshi ndani, siyo vuguvugu. Ile tabia ya kumfungia mtu nyama kwenye foili aende nayo hosteli, aile usiku saa 5, ndiyo inayovunja kazi yote mliyoifanya. Kumbukeni, huyu si ng'onda. Mifupa ichemsheni siku hiyohiyo pamoja na shingo na firigisi. Supu yake ina harufu ya moshi na inapika pilau la ajabu.

MKAA, CHUMBA NA PUMZI

Desemba vuli inaweza kuwa bado inanyesha. Mvua ikianza, msiingize jiko ndani, wala kwenye korido, hata likionekana linazimika. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Mtu anasikia kichwa kuuma na usingizi, analala, haamki. Tayarisheni mapema kibanda kilicho wazi pande zote. Baada ya kupika, zibeni matundu yote ya jiko likiwa nje na mliache huko mpaka asubuhi.

Kuna na suala la mkaa wenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kilo 3 au 4 za mkaa kwa sherehe ya mara moja kwa mwaka si kitu ukilinganisha na maharage yanayochemshwa kwa mkaa kila jioni kwenye mageto yetu. Anayetaka kupunguza aanzie kwenye maharage. Na kwa siku ya bata mzinga, mkaa mbadala wa vifuu ukipatikana unafaa. Unaungua taratibu na joto lake halibadiliki ovyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Samaki aliyekaushwa kwa moshi anakaa siku nyingi bila friji, lakini bata mzinga wa moshi anaharibika siku hiyohiyo. Eleza kwa nini.

2. Kidari kimesoma nyuzi 76, paja la kulia 79, paja la kushoto 68. Ngozi yote ni ya dhahabu na wageni wameshakaa. Utafanya nini, na utalielekeza paja lipi upande wa moto?

3. Jiko linatoa moshi mweupe mzito na joto limeshuka hadi nyuzi 110. Utafungua tundu lipi, na kwa nini usifunge la juu?

4. Ndege wenu ana kilo 6 na mnataka kula saa 8 mchana. Panga ratiba yako kuanzia kuwasha mkaa, na uache nusu saa ya kupumzisha nyama na nusu saa ya dharura.